Jina la Kwanza kwenye Kuti Kavu

Kila Alhamisi asubuhi mji mzima wa Mabry ulinicheka kabla haujamaliza kikombe cha kwanza cha kahawa. Nilikuwa nikiingia mgahawani kwa Bi Verdie na kukuta gazeti limeshafunguliwa ukurasa wa nane, na mchuzi wa soseji umeshadondokea picha yangu.

"Harlan, kwa hiyo umesema Jumamosi tunashinda?" Bi Verdie aliniuliza siku moja, birika mkononi.

"Nimesema."

"Mungu wangu. Si bora ungetuombea homa tu, tukajua moja?"

Kwa miaka ishirini na tisa nilitabiri mechi kumi za kila wiki katika gazeti letu, Mwangwi wa Mabry. Mechi za vyuo, za mpira wetu huu wa kubebwa mikononi na kuangushana, ambao huku Alabama mtoto huanza kuujua kabla hajajua sala. Na kwa miaka hiyo yote nilikosea kupita kiasi, maana hata mtu anayerusha sarafu hupatia nusu. Nikisema chuo chetu kitashinda, kinafungwa. Nikisema kitafungwa, kocha anatoka uwanjani amebebwa mabegani. Mchungaji wetu aliwahi kunisimamisha mlangoni mwa kanisa, akanishika mkono muda mrefu kuliko kawaida, akaniomba kwa heshima zote nisitutabirie mema wiki ya kucheza na mahasimu wetu, Chuo cha Tolbert. Nikamtii, na tukashinda. Tangu siku hiyo ikawa desturi: mji ukilitaka jambo sana, Harlan Mims aandike kinyume chake.

Chini ya mechi hizo kumi palikuwa na orodha fupi niliyoiita Kuti Kavu. Ilikuwa na majina ya makocha watano wa ligi yetu ambao ajira zao, kwa maoni yangu, zilikuwa zinaning'inia, na wa kwanza ndiye aliyekuwa karibu zaidi kuanguka. Huko nako nilikuwa mbovu vilevile. Kocha mmoja niliyemweka wa kwanza aliongezewa mkataba wa miaka mitano, akaniletea kikapu cha pichi mpaka ofisini. Watu walicheka sana, nami nikacheka nao. Ukishakubali kuwa kichekesho cha mji mdogo, hakuna anayekunyima kiti wala kahawa.

Royce Hathcock alikuja kufundisha timu yetu pamoja na mkewe, Nelda. Walikuwa wameshahama mara kumi na moja tangu waoane, kwa maana maisha ya kocha ndiyo hayo: misimu miwili mibaya, kisha lori mlangoni. Royce alikuwa mtu mkubwa, mpole, anayefikiri kabla ya kujibu, na kila Jumapili alasiri nilikuwa barazani kwake tukinywa chai baridi yenye sukari nyingi na kubishana juu ya mechi ya jana. Sijawahi kuwa na rafiki kama yule, na nilimpata nikiwa na miaka sitini.

Mwaka wao wa tatu hapa Nelda alianza kusahau. Kwanza majina, kisha miezi, kisha kama ameshakula au bado. Madaktari wa Birmingham walisema mengi, lakini lililotuingia kichwani ni moja tu: asihamishwe. Njia zake za Mabry miguu yake ilikuwa imezishika. Kila asubuhi alitoka peke yake, akakunja kona ya benki, akafika kwa Bi Verdie, akala mkate mdogo wa siagi, na yeyote aliyekuwa anamaliza kahawa akamrudisha nyumbani. Hakuna aliyepanga zamu. Fundi wa magari alimrudisha, mwalimu wa piano alimrudisha, nami nilimrudisha mara nyingi tu, akinisimulia habari za mji mwingine akidhani ndio huu. Akikosea kona, aliyemwona alijua pa kumpeleka.

Nyumba waliyoishi ilikuwa ya chuo, ya kocha aliyepo. Royce akifukuzwa, ingebidi waondoke, na kazi pekee aliyoijua ingempeleka mbali. Sote tulilijua hilo, na bado tulitaka ushindi.

Oktoba ya mwaka wao wa sita tulifungwa mechi tatu mfululizo. Jumatatu iliyofuata Royce aliingia ofisini kwangu na bango la mbao kwapani, akaliegemeza ukutani. Lilikuwa limeandikwa INAUZWA.

"Mtu kanipandia hili mbele ya nyumba," akasema.

Ndivyo tunavyomwambia kocha aondoke. Mtu hulichomeka bango la kuuza nyumba kwenye nyasi zake alfajiri, na hakuna anayeuliza ni nani. Kwa makocha waliomtangulia Royce nilikuwa nikiliona na kucheka.

"Watoto hao," nikasema.

"Watoto gani, Harlan? Limenyooka, limepigiliwa likakaa. Hii kazi ya mtu mzima, tena anayejua nyundo." Akakaa, kiti kikalia. "Nelda kaliona kabla yangu. Naamka, namkuta kashusha masanduku yote, vikombe kavifunga kimoja kimoja kwenye taulo. Jina la dada yake halikumbuki, lakini kufungasha hajasahau. Kaniuliza, 'Safari hii wapi, Royce?'"

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia hatuendi kokote. Akanitazama kama mtu aliyeshasikia maneno hayo." Akajaribu kucheka. "Haya, nitie huo mkosi wako. Andika Jumamosi tunafungwa."

"Kwa pointi ngapi?"

"Nyingi. Usinionee huruma, bwana."

Niliandika ishirini na moja, na tukashinda kwa kumi. Wiki iliyofuata niliandika tutaaibika, tukashinda. Ya tatu vivyo hivyo. Bi Verdie alinipa pai ya viazi vitamu bila kuulizwa, na fundi wa magari akasema gari langu atalitazama bure mpaka msimu uishe, mradi nisiishiwe na maneno mabaya. Ikabaki mechi moja, ya Tolbert, Jumamosi ya mwisho wa Novemba. Ndipo tukasikia kwamba baraza la wadhamini wa chuo lingekaa Jumatatu baada ya mechi, na kwamba mwenyekiti wake, Lamar Tuttle, mwenye kiwanda cha kuku, ameshaanza kuzungumza na kocha mwingine kwenye simu.

Hili nililifanya mwenyewe, hakuna aliyenituma. Sikuwahi kumweka Royce kwenye Kuti Kavu, hata wiki za kufungwa, kwa ajili ya urafiki. Jumanne ya wiki ya Tolbert, nikiwa mbele ya karatasi, niliwaza: ikiwa kalamu yangu inaweza kugeuza mechi, itashindwaje kuligeuza baraza? Nikamweka wa kwanza. Na kwa kuwa niliona mkosi wa nusunusu hautafaa kitu, nikaukoleza. Niliandika kwamba wachezaji wamemchoka. Niliandika kwamba wazazi wanaotaka kumkabidhi watoto wao mwakani wafikiri mara mbili. Niliandika kwamba Krismasi haitamkuta Mabry. Nasema kweli, nilikuwa nacheka nikiandika.

Alhamisi Bi Verdie aliisoma kwa sauti, akisimama kila baada ya sentensi kufuta machozi ya kicheko.

"'Krismasi haitamkuta!' Hapo umemwokoa, Harlan. Hapo umemwokoa kabisa!"

"Lamar sasa atamwongezea miaka kumi," fundi wa magari akasema, akanivulia kofia.

Nelda alikuwa mahali pake karibu na dirisha, anakula mkate wake. Alituona tunacheka, naye akacheka.

Jumamosi tulishinda kwa pointi tatu. Mpira wa mwisho ulipigwa kwa mguu katika sekunde za mwisho, ukapita kati ya milingoti, na watu wakashuka uwanjani kama maji. Nilimwona Royce katikati yao anamtafuta mkewe kwa macho. Mwalimu wa piano alikuwa amemshika mkono, yupo salama. Nililala usingizi mzuri siku hiyo, na nilipoamka niliona kwamba katika maisha yangu yote nimefanya angalau jambo moja la maana.

Jumatatu saa kumi jioni Lamar Tuttle alinipigia mwenyewe.

"Tumeachana na Royce. Nilitaka usikie kwangu."

"Kashinda mechi nne mfululizo, Lamar!"

"Kashinda. Lakini wiki hii wazazi wa vijana watatu wameondoa majina, wale watatu tuliowategemea mwakani. Kuna mama mmoja wa Mobile kanisomea gazeti lako kwenye simu, neno kwa neno. Na wajumbe wawili waliokuwa wanamtetea Royce wamegeuka. Wamesema, kama Harlan, anayekaa barazani kwake kila Jumapili, kaandika hivi, basi kuna anachokijua."

"Mimi huwa nakosea. Unajua wewe. Kila mtu anajua."

"Najua. Ungetaka nimwambie yule mama nini? Asijali, mwandishi wetu ana nuksi?" Nikasikia anavuta pumzi. "Na hii hukukosea, Harlan."

Nilikwenda Jumatano. Lori lilikuwa limeshafika, na mezani jikoni hapakuwa na nafasi ya kuweka kijiko: kuku wa kukaanga, maharagwe, pai, mabakuli yamefunikwa kwa vitambaa safi, kama kwenye nyumba iliyofiwa. Kila mtu alikuwa ameleta kitu. Nina hakika aliyepigilia lile bango naye alileta.

Royce alikuwa sebuleni anafunga boksi kwa utepe wa gundi. Nilisimama mlangoni.

"Niliandika ili isitokee," nikasema.

"Najua." Hakuinua kichwa. "Niliposoma mstari wa kwanza nilicheka na mimi. Halafu nikafika pale pa wazazi. Nikakaa kwenye gari karibu saa nzima."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Lilikuwa limeshatoka, Harlan. Ningekuambia nini?" Akabonyeza utepe kwa kiganja, polepole, mara mbili, mara tatu. "Mzaha ule ni wetu sisi wa hapa. Mtu wa Mobile haujui." Kisha, bila kupandisha sauti, akasema, "Ungeniuliza tu."

Ningependa angenitukana. Angenitoa nje kwa mkono, nadhani ningelala. Lakini alinipa upande mmoja wa boksi, nami nikaubeba.

Nelda ndiye aliyekuwa akiendesha kazi. Nywele amezichana, aproni kiunoni, anaandika juu ya kila boksi kwa hati iliyonyooka: JIKONI, SHUKA, PICHA. Sikuwa nimemwona na akili timamu namna ile kwa miaka mitatu. Alisimama mbele yangu, akanipima.

"Wewe ndiye wa lori?"

"Ndiyo, Bi Nelda."

"Basi taratibu na hilo. Vyombo vya mama yangu hivyo."

Nikalibeba taratibu.

Mwezi huo niliacha kutabiri. Nilimwambia mhariri kwamba nimezeeka, akakubali upesi kuliko nilivyotarajia. Bi Verdie bado ananimiminia kahawa, lakini Alhamisi hakuna anayesoma kitu kwa sauti, na mara mbili nimemwona fundi wa magari anamaliza kikombe chake, anasimama, anatazama meza ya dirishani, kisha anakaa tena.

Royce alipata kazi ya kocha msaidizi magharibi ya Texas, kwenye mji wa barabara pana ambao nimeuona kwenye ramani tu. Tulipigiana simu mara chache. Jumapili moja ya Februari, alasiri, alinipigia yeye.

"Juzi alitoka," akasema. "Niliingia bafuni, nikatoka, hayupo. Tumemtafuta kwa muda wa saa tano."

"Mkamkuta?"

"Alikuwa kwenye ngazi za nyumba ya watu, katulia, mkoba magotini. Wenye nyumba wako ndani wanamchungulia kwenye pazia, wameshaita polisi. Kawaambia polisi wasisumbuke. Kasema kuna mtu anamaliza kahawa, anakuja kumrudisha."

Niliona aibu hata ya kupumua.

"Harlan? Upo?"

"Nipo."

"Basi sasa namfungia. Kwa ufunguo, hata nikiwepo. Sikutaka kuishi hivyo, lakini nifanyeje? Huku hawamjui."

Nyuma ya sauti yake nilisikia kitu kinagonga, kwa upole, mara tatu, kisha kimya, kisha tena mara tatu.

"Nini hicho?"

"Ni yeye, yuko mlangoni. Hagongi kwa hasira, bwana. Anabisha hodi." Sauti yake ikakatika. "Ngoja kidogo."

Akaiweka simu mezani. Nilisikia hatua zake nzito zikienda. Na kabla hazijafika nilimsikia Nelda, kwa sauti ya adabu, ile ambayo mtu huitumia kwenye nyumba asiyoizoea.

"Samahani jamani, wenyewe. Mimi ni Nelda Hathcock. Hakuna mtu hapo anayekwenda upande wa kwetu?"