Kamati ya Chumba cha Makandi

Waliohudhuria: Mzee Naftaly Bundi, mwenyekiti, karani mstaafu wa baraza la mji, Bwana Riungu, mfanyabiashara wa ndizi na mshauri wetu wa mambo ya ng'ambo, Bwana Bulle, msafirishaji kutoka Meru mjini, Mama Celina, mama yake Makandi na mwenye nyumba, na mimi, mwalimu wa shule ya msingi, katibu. Aliyeomba radhi kwa kutofika: Mchungaji Ishmael, mgeni mwalikwa, aliyekuwa na harusi Kianjai. Makandi, ambaye kikao kiliitishwa kwa ajili yake, alikuwa jikoni akichemsha chai, na kwa hiyo sikumwandika.

Kikao kilifanyika Mitunguu, sebuleni kwa Mama Celina, Jumamosi moja ya Agosti mwaka wa 2019, saa nane mchana. Ajenda ilikuwa moja. Makandi, aliyehitimu shahada ya kilimo cha mboga na matunda, alikuwa amepata nafasi ya mafunzo ya miezi kumi katika kampuni ya mbegu nchini Uholanzi. Posho waliyomwahidi ilitosha kula na kulala, mradi asile sana na asilale ghali. Sharti lao lilikuwa kwamba awape anwani ya mahali atakapoishi kabla ya Jumatatu adhuhuri. Asipoipata, nafasi ingepewa mtu aliyemfuata katika orodha, na mtu huyo, tuliambiwa, alikuwa tayari na anwani.

Makandi alikuwa amewaandikia wenye vyumba sitini na watatu. Sitini hawakumjibu. Wawili walimjibu upesi sana, wakitaka walipwe kabla ya kumwonyesha hata picha ya mlango. Wa mwisho alikuwa ajuza aitwaye Bibi Annelies, ambaye Timiro, mpwa wa Bwana Bulle anayeishi katika mji wenye kampuni hiyo, alilisoma tangazo lake katika ubao wa duka. Chumba kilikuwa ghorofani. Kodi yake ilikuwa nusu ya kodi za mji ule, kwa sababu mpangaji angetakiwa kutunza bustani ya nyanya iliyo nyuma ya nyumba, saa nane kwa juma. Tangazo lilimalizia kwa maneno haya: "Tafadhali niandikie mistari michache kujihusu."

Makandi aliandika mistari mitano. Kamati ilipoiona, iliona aibu.

"Mistari mitano?" Mzee Naftaly alikuwa ameuliza katika kikao kilichotangulia. "Hata anayeomba ruhusa ya kukata mti huandika zaidi ya hapo."

Basi kamati iliandika upya. Barua yetu ilikuwa na kurasa nne. Ukurasa wa kwanza ulimtambulisha mwenyekiti, wa pili ukaeleza historia ya ukoo, na wa tatu ukataja mashamba. Makandi alipatikana katika ukurasa wa nne, kwa kuwa vijana hutajwa mwisho. Tuliambatanisha barua ya chifu yenye muhuri, barua ya Mchungaji Ishmael, na nakala za vitambulisho vya wanakamati wote watano. Mimi ndimi niliyeinakili kwa hati safi, na sikatai kwamba ilikuwa na mpangilio mzuri.

Sasa jibu lilikuwa limefika. Mwenyekiti aliniomba nilisome, nikalisoma kwa Kiswahili ili wote walifuate:

"Ninawashukuru kwa barua yenu ndefu. Chumba changu kina urefu wa hatua nne na upana wa hatua tatu, na hakiwezi kulaza watu sita. Pia sikuelewa kama chifu atakuja pamoja nao au baadaye. Ningependa kuzungumza na Makandi kwa simu ya video leo, saa tisa kwa saa za kwenu."

Mama Celina alijishika shavu.

"Amekataa," alisema.

"Arî!" Mzee Naftaly alipinga, akitikisa kidole. "Hapana, Mama Makandi. Hajakataa. Wewe ulipoposwa, baba yako alikubali siku ya kwanza?"

"Alifungia mbwa nje na wageni ndani ya zizi."

"Unaona! Na leo uko hapa. Mwenye kitu chema hukataa kwanza. Akikubali upesi, jua kitu kina kasoro. Huyu mama ametupa mlango. Sasa ni kurudi na asali."

"Mzee," Bwana Bulle alisema, akiwa amekunja kikoi chake juu ya magoti, "huyu mama hana binti. Ana chumba."

"Ni mamoja."

"Wallahi si mamoja. Chumba hakizeeki nyumbani kikikosa mtu. Kuna watu mia nyuma ya Makandi wamepanga foleni. Mwache msichana aongee, dakika kumi tu, yaishe."

"Aongee peke yake?" Bwana Riungu aliuliza, kama aliyeambiwa kwamba mtoto aendeshe lori. Bwana Riungu aliwahi kwenda Uholanzi kwa maonyesho ya mazao. Alikaa siku tisa katika hoteli iliyolipiwa na waandalizi, na tangu hapo hakuna jambo la Ulaya lililoamuliwa Mitunguu bila yeye. "Mimi ninawajua wale. Mzungu humheshimu mtu mwenye watu. Akiona msichana yuko peke yake, atamdhani hana kwao."

Ilikubaliwa kwamba kamati ndiyo itakayozungumza. Viti vilipangwa safu mbili. Kitambaa cha kufuma kilitandikwa mezani, na simu ya Bwana Riungu ikaegemezwa kwenye chupa tupu ya chai. Makandi alichungulia kutoka jikoni, mikono yake ikiwa na unga.

"Bwana Riungu, ameomba kuzungumza na mimi."

"Utazungumza, mwanangu. Tumekuweka kwenye ratiba. Wewe ni nambari saba."

"Na zamu yetu ya maji ni saa tisa na nusu."

"Maji hayakimbii. Chai je?"

Akarudi jikoni. Wasioishi Mitunguu hawatajua kwamba maji hukimbia. Mradi wa kumwagilia huwapa watu maji kwa zamu, na asiyefungua koki yake saa yake ikifika, hurukwa mpaka zamu nyingine, migomba ikitaka isitake.

Saa tisa kamili Bibi Annelies alitokea kwenye simu. Alikuwa mwembamba, mwenye nywele nyeupe fupi, na nyuma yake palionekana kibanda cha vioo chenye nyanya. Alitabasamu. Kisha akatuona sote, na tabasamu lake likasimama palepale.

Mzee Naftaly alifungua kwa sala. Baadaye alimtambulisha kila mmoja, na kila mmoja alisimama, akasema machache, akaketi. Bwana Riungu alitafsiri kwa Kiingereza, akiongeza hapa na pale alipoona pana upungufu. Bwana Bulle alipofikiwa alisema tu, "Mwambie habari ya mchana," na Bwana Riungu akalitafsiri jambo hilo kwa dakika mbili. Ilipotimu saa tisa na dakika ishirini tulikuwa katika historia ya ukoo.

"Samahani," Bibi Annelies alisema hatimaye. "Makandi ni yupi kati yenu?"

"Yuko jikoni, anatutayarishia chai," Bwana Riungu alijibu kwa fahari, kwa kuwa hilo nalo lilikuwa ushahidi wa malezi.

"Nilitaka tu kumuuliza jambo moja. Bustani. Mgongo wangu hauniruhusu tena kuinama. Je, yuko tayari kufanya kazi ya bustani?"

Bwana Riungu alituangalia kwanza. Alitafsiri swali, na nikaona nyuso za wanakamati zikibadilika. Kwa kweli sote tulikuwa tumelisoma sharti hilo tangu siku ya kwanza, lakini tulilichukulia kama yale maneno madogo ya chini ya mkataba ambayo hayamhusu mtu mwenye heshima.

"Msichana wa digrii!" Mzee Naftaly alinong'ona. "Tuuze ng'ombe, asome miaka minne, halafu akashike jembe kwa mtu? Watu wa Embu watasema nini? Shemeji zetu wa kule walitucheka tulipouza dume. Wakisikia analima nyanya za bibi kizee, watatucheka mpaka Krismasi."

"Mwambie hapana, lakini kwa adabu," Mzee alimalizia.

Bwana Riungu alimwambia hapana, kwa adabu. Alisema kwamba binti yetu ni msomi, kwamba wasomi wa kwetu hawalimi, lakini kwamba kamati iko tayari kumtafutia Bibi kibarua mzuri wa kumlimia.

Bibi Annelies alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Kama ni hivyo," alianza kusema, "naona kwamba chumba hiki—"

Hapo bando la Bwana Riungu lilikwisha. Simu ilibaki nyeusi, ikituonyesha nyuso zetu wenyewe.

"Mmeona?" alisema Mzee Naftaly. "Hakukataa."

"Alikuwa anakataa, Mzee," alisema Bwana Bulle. "Bando ndilo limemkatiza."

"Hakumaliza sentensi. Katibu, andika: hakukataa."

Niliandika. Nilipoinua macho nilimwona Makandi amesimama mlangoni na sinia la vikombe na birika, na nikajua kwamba alikuwa amesikia yote. Aliliweka sinia chini, polepole, bila kumwaga tone.

"Zamu ya maji imefika," alisema, akatoka.

Mjadala uliendelea. Bwana Riungu alipendekeza barua ya pili, ndefu kuliko ya kwanza, yenye picha. Mzee Naftaly alitaka barua ya mwakilishi wa wadi iongezwe. Mama Celina alikuwa akiitazama saa ya ukutani kama mtu anayehesabu saa zilizobaki mpaka Jumatatu adhuhuri. Baada ya robo saa iligunduliwa kwamba chai haijamiminwa, na pia kwamba barua ya pili ilihitaji sahihi ya Makandi. Mwenyekiti alinituma nimwite.

Nilimkuta katikati ya migomba, suruali imekunjwa mpaka magotini na matope yamefika kwenye vifundo vya miguu. Vinyunyizio vilikuwa vinazunguka. Simu yake ndogo ilikuwa imesimamishwa kwenye shina lililopasuka la mgomba, na ndani yake alikuwamo Bibi Annelies, amesogeza uso karibu kabisa.

"Na shinikizo la maji likipungua?" Bibi alikuwa akiuliza.

"Ninafunga mistari miwili ya mabomba, ninabaki na mmoja," Makandi alijibu, akiigeuza simu ili aone. "Angalia kile cha mwisho. Kinatoa maji kama mate. Kimezibwa na mchanga." Alikwenda, akakifungua kinyunyizio, akakipuliza kwa mdomo, akakirudisha. Maji yaliruka juu, yakamlowesha, na wote wawili wakacheka.

"Mimi ninakizibua kwa sindano ya kufumia," alisema Bibi.

"Hiyo nitaijaribu."

"Wale wazee waliniambia kwamba wewe hulimi."

"Wale wazee hawajaja huku nyuma ya nyumba leo."

Kama katibu, nilipaswa kukohoa na kutoa ujumbe niliotumwa. Kama mwalimu aliyemfundisha msichana huyu darasa la sita, nilibaki nyuma ya mgomba. Nilikumbuka jambo ambalo halikuwa katika ajenda. Kwa miaka ishirini na miwili nimewapa watoto jembe kila walipochelewa, walipopiga kelele, au walipokosea hesabu. Wenye alama nzuri waliketi kivulini, wakawatazama wenzao wakilima. Makandi alikuwa na alama nzuri siku zote, na mara kwa mara nilimkemea kwa kuondoka kivulini kwenda kuwasaidia. Kama kamati iliamini kwamba jembe ni adhabu, hapakuwa na haja ya kuuliza ilifunzwa na nani.

Alipomaliza, aliiweka simu mfukoni, akaniona. Hakushangaa.

"Mwalimu, wanataka chai?"

"Chai na sahihi."

"Twende."

Aliingia sebuleni na matope yake, akasimama juu ya zulia la mama yake. Mzee Naftaly alikuwa akisema kwamba, kwa maoni yake, ujumbe wa watu wawili ungeweza kutumwa Nairobi kuwaona watu wa ubalozi. Alipoona miguu ile, aliiacha sentensi katikati.

"Shikamooni," alisema Makandi. "Ninaomba kusema."

"Wewe ni nambari saba," alisema Bwana Riungu, "na tuko bado nambari nne."

"Mpe nafasi," alisema Mama Celina. Lilikuwa neno lake la kwanza kwa muda wa nusu saa, na hakuna aliyelipinga.

Bwana Bulle alivuta kiti chake kando ili kumpisha, akatabasamu ndevuni.

"Ninawashukuru wote kwa barua, kwa sala na kwa bando," alisema Makandi. "Nimezungumza na Bibi Annelies. Chumba nimekipata, na barua yenye anwani anaituma kwa kampuni jioni hii. Ana masharti mawili. La kwanza, nitunze bustani yake saa nane kila juma, na hilo nimelikubali. Nitalima, na watu wa Embu wacheke. La pili, kamati isimwandikie tena, na hilo nimelikubali kwa niaba yenu. Mwalimu, andika kwamba limeamuliwa. Chai iko kwenye sinia pale mlangoni. Kila mtu ajimiminie, kwa maana maji yetu yanakwisha saa kumi na nusu na bado sijafikia mstari wa tatu."