Spea za Kwenda Kaskazini

Kwa miaka miwili Absalom, fundi wa magari pale Kitale, alikuwa akipanga safari moja na rafiki yake Sifuna, mwalimu wa jiografia huko Bungoma. Dadake Sifuna, Edinah, ni nesi kaskazini mwa Kanada. Alikuwa na Land Cruiser kuukuu, na aliwaahidi kwamba wakifika wataiendesha pamoja kupitia msitu wa misonobari, barabara ya changarawe, zaidi ya kilomita mia tatu bila kituo cha mafuta wala nyumba.

Majibu ya viza yakaja. Sifuna alikubaliwa, Absalom akakataliwa.

Sifuna akapiga simu. "Pole sana, bana. Lakini si utaniandikia tu orodha ya vitu vya kubeba? Edinah anataka kununua wiki hii. Mimi gari najua kuendesha tu."

"Nitakuandikia," Absalom alisema, moyo ukimchoma. Msitu ule ni yeye aliyeujua. Ni yeye aliyesoma habari za wasafiri mpaka akajua kwamba mawe ya kule hukata tairi kama kisu, na mwenye akili hapiti bila spea mbili. Sifuna alikuwa akitazama picha za dubu!

Akaandika mitungi ya mafuta, jeki, blanketi, shoka. Alipofika kwenye tairi akaandika: spea moja. Akaiangalia orodha kwa muda, kisha akaituma.

"Bila wewe ningekuwa wapi?" Sifuna alijibu.

Siku tatu aliacha chakula sahanini. Mkewe, Nabwile, akamuuliza kama ni tumbo. Siku ya nne nusura awashe injini ya mteja bila oili. Akanawa mikono, akaenda Bungoma.

Alimkuta Sifuna sebuleni akijaribu koti zito la mitumba, jasho likimtiririka.

"Niaje! Ati naonekanaje?"

"Spea ni mbili," alisema Absalom. "Niliandika moja makusudi."

Sifuna alicheka, kisha akaacha. "Makusudi? Tukwame kule na baridi ile?"

"Sikutaka mfe. Nilitaka tu mkwame kidogo. Urudi useme safari ilikuwa mbaya."

Sifuna akavua koti polepole. Akaleta orodha, akaitupa mezani. "Keti. Kimoja kimoja. Uniambie ni cha nini."

Wakakaa mchana kutwa. Absalom alieleza, Sifuna aliandika, na hakuna aliyemtania mwenzake. Chai ilipoa vikombeni.

Jioni Sifuna alimsindikiza hadi barabarani. "Nitakupigia kila mahali penye netwak," alisema, sauti yake imelegea kidogo. "Nikuonyeshe."

Absalom alijua kwamba angepaswa kufurahi. Wivu ulikuwa pale pale, umekaa kifuani.

"Usinipigie ukiwa huko," alisema. "Nipigie ukirudi."