Ripoti ya Nywele za Kahambu

Lori la Papa Edmond lilikuwa limeshaanza kurudi nyuma kutoka uani wakati Victorine alipofika, mfuko wa mikate mkononi, bahasha ndani ya sakoshi yake ya begani. Lilikuwa limebeba sabuni na mafuta ya kupikia kwenda Sakania, na kutoka kule lingerudi na mahindi. Kahambu, binti wa Papa Edmond, alikuwa amekaa kiti cha mbele, sanduku kwenye magoti. Mlango ulikuwa umebana nywele zake. Guelor, dereva, alisimamisha lori, akazunguka, akafungua mlango, akazikusanya zile nywele kwa mikono miwili kama mtu anayekunja kamba ya mzigo, akazirudisha ndani na kufunga tena. Zilikuwa za kijani. Zilipita kiuno.

"Ma Victorine," Papa Edmond alisema bila salamu, "umekuya kumuhesabia mistari?"

"Hapana, papa. Nimeleta mukate ya njia."

"Mukate." Papa Edmond aliutazama mfuko. "Bon. Batoto wa Butembo banakulaka mukate."

Mistari aliyoitaja ilikuwa mistari ya kusuka. Katika lycée ya wasichana ambako Victorine alikuwa mkuu wa nidhamu, kila juma lilikuwa na modèle yake: mistari sita kwenda nyuma, au nane ya kulala upande, au minne na uzi mweusi. Préfet Liévin, mkuu wa shule, alibandika modèle kwenye mlango wa ofisi Jumamosi mchana, na Jumatatu asubuhi wanafunzi mia nne walipaswa kuwa na kichwa kimoja. Lakini Mama Cathy, mke wa préfet, mwenye saluni ng'ambo ya barabara mbele ya lango, aliijua tangu Ijumaa. Aliyesukwa kwake hakukosea kamwe. Aliyesukwa na dada yake nyumbani, Jumatatu mstari mmoja ulikuwa umepungua, au umepinda, na Victorine alipita kati ya safu akiwa na mkasi na kitana cha mkia mrefu, akihesabu. Penye kosa alikata msuko mmoja wa mbele. Jina lake kwa wanafunzi lilikuwa Mama Mukasi, na yeye alijua.

Yeye mwenyewe alisukwa kwa Mama Cathy kila Jumamosi ya pili, bure, kwa miaka sita sasa.

Basi Jumatatu moja ya mwezi wa tatu, wimbo wa taifa ulipokwisha na bendera ikiwa juu, Kahambu wa mwaka wa sita aliinua kidole.

"Monsieur le Préfet, pardon. Juu ya nini modèle inajulikanaka ku saluni mbele ijulikane ku masomo?"

Wasichana wa nyuma walicheka. Benita, aliyesimama karibu naye, aliangalia viatu vyake.

"Ku drapeau banaimbaka," préfet alisema. "Habaulizake. Funga kinywa."

Kahambu alifunga kinywa. Hakusema neno siku ile yote, hata mwalimu wa hesabu alipomwita ubaoni. Aliandika jibu na kurudi kukaa. Jumanne asubuhi nywele zake zilikuwa zimeota urefu wa vidole viwili, na hivyo vidole viwili vilikuwa vya kijani.

Alipelekwa ofisini kwa Victorine. Marehemu baba yake Victorine, mzee Mukuka, alifanya kazi mgodini miaka thelathini na miwili, na alimfundisha tangu utoto kwamba kijani kikionekana juu ya jiwe, shaba iko chini. Victorine alikiona kijani hicho hicho kichwani mwa Kahambu, chenye miviringo ya giza na ya mwanga kama ya mayai ya malakiti, jiwe la kijani la shaba, yanayochongwa kwa ajili ya wageni. Akachukua mkasi. Alikata zote mpaka karibu na ngozi, akageuka kuufuta mkasi kwa kitambaa, na alipogeuka tena nywele zilikuwa zimefika mabegani. Alikata mara ya pili. Zilifika mgongoni. Mara ya tatu alikata akiwa amekaza macho, na akaziona zikitoka, bila haraka, kama maji yanavyopanda ndani ya ndoo.

"Inakuumiza?"

"Hapana, mama. Inachomachoma tu kidogo."

Alizifagia zilizokatwa, akazitia ndani ya katoni chini ya meza.

Préfet alikuja kutazama mlangoni. Aliuliza jambo moja: kifungu cha kumi na nne cha règlement, kanuni za shule, kinasemaje? Victorine alikisoma. Nywele za mwanafunzi ziwe nyeusi.

"Njo vile. Ni teinture."

Papa Edmond aliitwa. Alikuja na vumbi la depo kwenye suruali, akasema kwao mtoto hapakwi rangi, na kama mtoto amepakwa rangi basi ni Mungu aliyepaka, wamwandikie Yeye barua. Hata hivyo alinunua dawa nyeusi sokoni na kumpaka binti yake kwa mikono yake, mikono iliyozoea kamba na turubai. Jumatano, saa ya pili ya masomo, weusi ulianza kudondoka juu ya dawati kama masizi. Benita aliupangusa kwa leso yake, akaikung'utia dirishani, na somo la jiografia likaendelea.

Ilibaki ripoti. Ripoti ya nidhamu ilikuwa na mstari mmoja wa sababu. Mwenye ugonjwa angepumzika nyumbani na jina lake kubaki kwenye orodha ya mtihani wa taifa. Mwenye teinture, yaani rangi ya kupaka, angefukuzwa moja kwa moja, na bila shule hakuna orodha, na bila orodha miaka sita ya Kahambu ilikuwa imekwenda na maji.

"Ma Victorine," Kahambu alimwambia walipobaki wawili, "uliona weye mwenyewe. Ilikuwa inaota mbele ya macho yako."

"Niliona."

"Basi uandike tu vile uliona. Siombe kitu ingine."

"Nenda mu classe, mwanangu. Nitaandika."

Préfet aliingia baada yake na kukaa ukingoni mwa meza. Hakupandisha sauti. Alimuuliza Victorine habari za nyumbani kwake, mtaa wa Hewa Bora, akamuuliza kama Mama Cathy amempangia saa ya Jumamosi, akasema, "Andika teinture. Ni neno moja tu." Victorine aliandika. Watu hupenda kusimulia kwamba kalamu ilisita, au wino uliisha. Kalamu haikusita. Aliandika kwa mwandiko mzuri, mwandiko aliofundishwa na masista, akaweka sahihi na tarehe.

Jumamosi, Mama Cathy alimfungulia kitambaa cha kichwa, akakuta nywele za kijani mpaka shingoni.

"Haa, ma Victo! Ungeniambia mbele, ningetafuta uzi ya vert."

"Ilianza Jumatano."

"Haina neno. Inakufanya kijana. Inamisha kichwa."

Akamsuka mistari minane ya kulala upande, kwa uzi mweusi uliokuwapo. Jumatatu Victorine alisimama mbele ya bendera bila kitambaa, makusudi, mkasi mkononi. Wanafunzi mia nne waliona. Préfet aliona. Baada ya wimbo alimwita pembeni, na Victorine akamfuata upesi, kwa sababu alikuwa ametamani apewe adhabu.

"Règlement iko ya banafunzi," préfet alisema. "Endelea kuhesabu."

Ndipo Jumatano jioni alipoketi mezani kwake na kuandika ripoti ya pili. Humo aliandika aliyoyaona: mara tatu, mabegani, mgongoni, bila dawa. Orodha ya watahiniwa ilikuwa inafungwa Alhamisi saa sita mchana. Alihitaji tu kumpa Papa Edmond ile bahasha yenye ripoti, naye angejua mlango wa kubisha. Mfanyabiashara wa Butembo hashindwi na mlango.

Sasa ilikuwa Alhamisi, saa mbili na nusu asubuhi, Kahambu amekwisha kufukuzwa, na lori la kumpeleka kwa shangazi yake lilikuwa linanguruma.

Kahambu alishusha kioo. Aliona kijani kinachochungulia chini ya kitambaa cha Victorine, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya bendera akatabasamu.

"Yee, mama! Na weye?"

"Na miye."

"Ulifunga kinywa juu ya nini, weye?"

Victorine aliingiza mkono ndani ya sakoshi. Bahasha ilikuwapo, aliigusa pembe. Aliwaza kwamba ripoti mbili zenye sahihi moja zikikutana juu ya meza moja, atakayezisoma atauliza ipi ilikuwa uongo, na nani aliyesema uongo, na alisukwa wapi. Mkono ukatoka mtupu. Akainua mfuko na kuupitisha dirishani.

"Kula ingali moto," alisema.

Kahambu alipokea kwa mikono miwili, kama alivyolelewa. Tabasamu lilikuwa limekwisha. Papa Edmond aligonga ubavu wa lori mara mbili, Guelor akatia gia, wakaondoka. Victorine alisimama pale hadi vumbi lilipotulia, kisha akaenda kazini. Alifika akiwa amechelewa dakika ishirini na hakuna aliyemsema.

Kule Sakania, shangazi yake Kahambu alimwacha aseme yote aliyoyafungia kinywani. Kahambu alisema siku nne. Siku ya tano mizizi ya nywele ilikuwa nyeusi. Mtihani ulifanyika mwezi wa saba bila yeye; anauza vitenge karibu na reli, na nusu ya chini ya nywele zake ingali kijani, anaifunga kwa mpira. Papa Edmond hapokei tena mzigo wa shule yoyote. Benita alifaulu na kuolewa Likasi. Liévin alipandishwa cheo na anakaa Golf, mtaa wa matajiri. Mama Cathy alifungua saluni ya pili, ana uzi wa rangi zote. Kifungu cha kumi na nne kiliongezwa maneno: ziwe nyeusi, hata zikiota zenyewe.

Victorine bado ni mkuu wa nidhamu. Bahasha ameiweka ndani ya katoni chini ya meza, pamoja na nywele za Kahambu, ambazo hazijaacha kuota. Kila Jumatatu zinakuwa zimeinua kifuniko na kufika mlangoni. Anazikata kwa mkasi ule ule, anazikanyagia ndani, kisha anatoka kwenda kwenye bendera kuhesabu mistari.