Sahani Nne Nyekundu

Kadi ya mwaliko ilisema saa nane kamili. Sisi tuliozoea saa ya mashindano tulifika saa saba na nusu, tumenyoa, tumepiga pasi, tukakalishwa kwenye viti vya plastiki vya mstari wa pili, maana wa kwanza ulikuwa wa wafadhili. Mgeni rasmi akaingia saa kumi na robo. Muda wote huo nilikuwa nikigeuza shingo kutazama mlango, mpaka Kinyozi, mwenzangu wa klabu tangu zamani, akaniuliza kama nililalia mto vibaya.

Nilikuwa namsubiri binti yangu. Mengine yote, medali, cheti, picha na mgeni rasmi, kwangu yalikuwa mbwembwe. Binti ana miaka arobaini na mmoja, ni muuguzi wa wodi ya mifupa, na hajawahi hata siku moja kuniona nikishika chuma. Alizaliwa siku niliyokuwa mji mwingine kwenye mashindano, na mama yake, Mungu amrehemu, hakuniacha nisahau. "Mke wako ni chuma," alikuwa akisema, "sisi wengine humu ni wapangaji tu." Mtoto alikulia ndani ya maneno hayo. Nilipostaafu ufundi bomba na magoti yakaanza kunisumbua, ndiye aliyenipeleka hospitali kupigwa picha. Alipoiona ile picha aliuliza swali moja tu: "Kwani ulipata nini?" Miaka ishirini na sita ya kunyanyua vyuma baada ya kazi, bila posho, bila hata viatu vya kupewa, halafu unaulizwa ulipata nini. Nilibaki kumung'unya maneno kama mtoto aliyevunja kikombe.

Kwa hiyo chama kilipoleta barua kwamba kinawaenzi wanyanyua vyuma wakongwe wa ridhaa, nikasema, jibu lake ndilo hili. Watazisoma kilo zangu mbele za watu na yeye akiwepo. Nilizipeleka mwenyewe ofisini, nimeziandika kwa mkono wangu: mia na ishirini na mbili na nusu, kupandisha mabegani kisha kusukuma juu ya kichwa, uzito wa mwili sitini na saba. Katibu aliikunja karatasi akaitia mfukoni. "Mzee, ondoa shaka," akasema.

Binti aliingia saa kumi na nusu, bado yumo kwenye sare ya kazi, akasimama nyuma karibu na mlango. Nikampungia mkono. Akanionyesha saa yake.

Vyeti vikaanza. Wa klabu yetu tuliobaki hai ni watatu, kwa majina ya utani: mimi Kreni, Kinyozi na fimbo yake, na Bucha, ambaye siku hizi akipanda ngazi tatu lazima apumzike ya pili. Mshereheshaji, jamaa wa suti ya kubana, akasoma cha Kinyozi: "Kwa mchango wake mkubwa katika maendeleo ya michezo." Akasoma cha Bucha: "Kwa mchango wake mkubwa katika maendeleo ya michezo." Damu ikaanza kunichemka. Changu nacho kilikuwa vilevile, neno kwa neno. Hakuna kilo, hakuna mwaka, hakuna hata alama ya kumjulisha mtu kama tulinyanyua vyuma au tulirusha tiara.

Nikamnong'oneza mshereheshaji, "Na kilo zangu?"

"Mzee, muda umetubana," akasema huku akimchekea mpiga picha.

Muda! Mgeni rasmi kachelewa saa mbili na robo, lakini tarakimu zangu nne ndizo zilizobana muda. Nilitazama mlangoni. Binti alikuwa anatundika mkoba begani.

Hapo mshereheshaji akakifunua kitambaa kilichokuwa katikati ya jukwaa tangu tulipofika. Chini yake kulikuwa na chuma, kina sahani mbili nyekundu kila upande. Kwetu rangi ni maandishi. Nyekundu ni kilo ishirini na tano, uende nchi yoyote. Nne ni mia, na chuma chenyewe cha kati ishirini. Mia na ishirini.

"Sasa mmoja wa wazee wetu atatuonyesha enzi zake!" akatangaza, kisha akalitaja jina langu.

Asiyecheza mchezo huu hawezi kunielewa. Jina lako likitajwa na chuma kiko jukwaani, una dakika moja. Ikiisha hujakigusa, umeshindwa, na hakuna wa kukusikiliza. Mimi nilishindwa mara nyingi tu, lakini dakika haikupata kuniishia nikiwa nimekaa. Kinyozi akanikamata mkono wa koti.

"Kreni, acha ujinga. Una miaka sabini na mmoja. Ile ni mia na ishirini."

"Naiona. Nitaivuta mpaka magotini tu."

"Kwa magoti yapi?"

Nikavua koti nikamwachia. Nikasimama vidole vya miguu chini ya chuma, nikachuchumaa, nikashika. Sikumtazama mtu. Nikavuta pumzi mpaka tumboni, nikakaza mgongo kama tulivyofundishwa, kisha nikavuta kwa kila nilichobakiwa nacho.

Kikaruka. Sahani zilikuwa boksi lililopakwa rangi, na cha kati kilikuwa bomba la plastiki lililopakwa rangi ya fedha, mimi niliyefunga mabomba hayo hayo miaka thelathini! Nguvu zote zile zikakosa pa kwenda. Chuma chao kikapita juu ya kichwa changu, nami nikaenda chali, miguu juu, mbele ya mgeni rasmi.

Ukumbi ukaangua kicheko. "Mzee bado moto, jamani, makofi!" mshereheshaji akapiga kelele. Nilitamani ardhi inimeze. Nililala pale natazama taa za dari, nikiwaza kwamba mwanangu amekuja mara moja katika maisha yake, na alichokiona ndicho hiki.

Kisha uso wake ukanizibia taa.

"Usiinuke. Chezesha vidole vya miguu. Unaumia wapi?"

"Makalioni tu, mama."

Akanipapasa mgongo, pingili moja baada ya nyingine. Kisha akaligeukia lile dude, akaliinua kwa vidole viwili, akaliangalia.

"Hukujua kwamba ni boksi?"

"Ningejuaje? Ni nyekundu."

"Lingekuwa la kweli lingekuwa kilo ngapi?"

"Mia na ishirini."

"Na wewe ukajua hivyo, ukaenda kulishika."

"Waliniita."

Nimemwona binti yangu akikasirika mara nyingi, lakini midomo sikupata kuiona ikimtetemeka. "Una wazimu," akasema. "Mama alikuwa akisema una wazimu, mimi nikidhani ni hasira zake tu." Watu walikuwa bado wanacheka. Akalitupa boksi, akasimama, mkono mmoja umeshika bega langu.

"Mnacheka nini?" akawauliza, kwa sauti ambayo nadhani hutuliza wodi nzima. "Kingekuwa chuma cha kweli, angekinyanyua!"

Kicheko kikakatika. Ulikuwa uongo, na sote wawili tulijua. Kingekuwa cha kweli kingenivunja mgongo. Sikumsahihisha.