Sanduku la Neno Moja

"Umemkalisha mjukuu mbele ya babu yake," alisema Mama Kadi. Alikuwa ameisogeza kadi hadi karibu iguse pua. Akaiweka mezani, akachukua nyingine, akaisogeza vilevile. "Na hawa wawili hawajuani kabisa. Nani kawaketisha pamoja?"

Nilikuwa nimesimama mlangoni na vikombe viwili vya chai, nikitabasamu kama mtu anayesubiri kusifiwa. Tabasamu likaniganda usoni.

Ofisi yetu ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la vifaa vya umeme, na kazi yetu ilikuwa kutunga kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili. Wenzetu walipewa herufi nzima nzima. Mama Kadi alikuwa na neno moja: run. Herufi tatu, miaka minne. Siku niliyoajiriwa, na shahada yangu bado inanukia wino, nilicheka waziwazi. Miaka minne kwa ajili ya kukimbia?

"Kaa chini, msomi," akaniambia. Tangu siku hiyo jina langu likawa msomi, na kila akilitaja nilisikia utani ndani yake. "Mtoto akikimbia ni sawa, ana miguu. Waingereza wanasema bomba nalo linakimbia, na pua ya mwenye mafua, na duka, na barabara, na mtu anayetaka uenyekiti. Sasa wewe niambie, msomi, duka unalifukuza hadi wapi?"

Yeye alikuwa na majibu thelathini kwenye kadi, ndani ya sanduku la viatu.

Hakuokota maana vitabuni. Alimfuata fundi bomba kazini, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akamsubiri aseme mwenyewe kwamba maji yanatiririka. Kwa dobi alikaa asubuhi nzima mpaka shati jekundu likachuja rangi kwenye shuka za watu na dobi akapiga kelele. Kelele ile ile ndiyo aliyoiandika. Kwenye mkutano wa chama cha ushirika alikwenda mara tatu, mpaka muuza mkaa mmoja akasimama, akasema, "Nami nagombea." Kila kadi ilikuwa na maana, sentensi, na chini kabisa, aliyeisema. Jina hakuandika hata siku moja. Aliandika kazi: dobi, fundi bomba, muuza mkaa.

Kadi hizo hazikuwa na namba. Alisema namba ikishakaa haibanduki, na maana ni ukoo; leo unamdhani huyu ni mtoto wa yule, kesho unagundua ni binamu. Kwa hiyo mpangilio wote ulikuwa mahali kadi ilipokaa sandukuni, basi. Mguu ulizaa maji, maji yakazaa rangi na pua. Mguu huohuo ukazaa injini, injini ikazaa duka. Miaka minne ya kusogeza kadi mbele na nyuma.

Nami Jumamosi ile, nikiwa peke yangu, nilikuwa nimelifungua sanduku nikaona vurugu tupu. Sisi watu wa kamusi tuna ugonjwa wetu: tukiona vitu havina mpangilio, mikono inawasha. Kwangu hata viungo vya jikoni vinakaa kwa alfabeti, bizari mbele, tangawizi nyuma. Basi nikazipanga kadi zote kwa alfabeti ya neno la Kiswahili, nikazifunga kwa mpira, nikaenda nyumbani nikijipongeza.

Hiyo sasa ilikuwa Jumatatu. Mhariri mkuu alikuwa ameshasema: sanduku lisipofika mezani kwake Ijumaa, atachukua mistari mitatu ya kamusi ya zamani, kitabu kiende mtamboni. Na daktari wa macho alikuwa amemwambia Mama Kadi akubali kupumzika. Mwisho wa mwezi angestaafu. Run ndiyo ilikuwa kazi yake ya mwisho, na mimi nilikuwa nimeichanganya kama karata.

Niliweka vikombe chini, chai ikamwagika. Nikataka kuomba radhi. Nikafungua kinywa, nikafunga, nikafungua tena, kisha machozi yakanitangulia.

"Nimeishiwa na maneno, Mama," nikasema.

Aliinamisha kichwa upande kama anayesikiliza hodi. Nilijua anatafuta maneno ya kunifukuza.

"Funga mlango," akasema. "Nisomee."

Akavua viatu akaketi sakafuni, miguu ameinyoosha, mwanamke wa karibu miaka sitini. Nilisoma kadi ya kwanza, "Kuchuja", na kabla sijafika kwenye sentensi akaidaka. "Dobi. Alikuwa na kidonda cha gumba. Mkalishe hapa, chini ya fundi bomba." Nikasoma nyingine. "Huyo dereva wa basi, aliyesema anakwenda mara mbili kwa siku. Alinipa karanga. Mweke pale kando ya mwenye duka, wote ni watu wa ratiba." Hakukosea hata moja. Macho yalikuwa yamemwacha mkono, lakini watu wake wote walikuwa kichwani, na vidonda vyao, na karanga zao. Nilimtazama nikaona aibu kwa kicheko changu cha siku ya kwanza. Sijawahi kumheshimu mtu kama nilivyomheshimu yule mama pale sakafuni.

Siku tatu tulikaa hivyo. Wakati mwingine alibadili mawazo, tukahamisha ukoo mzima kwa kusukuma na kiganja. Alhamisi mchana kadi ya mwisho ikalala mahali pake, naye akaniruhusu kuziandika namba kwa penseli. Ila karibu na mwisho aliacha nafasi tupu, akaweka hapo kasha la miwani.

"Mama, hapo nimepoteza moja?"

"Hujapoteza. Hapo pana mtu. Kwa muda mrefu watu walikuwa wananiletea sentensi za sukari na mafuta ya taa. Vitu vya dukani, kesho unanunua vingine. Mimi nilimtaka anayesema kwa uchungu."

"Sasa kesho ni Ijumaa!"

"Ruka namba, msomi. Ishirini na saba, halafu ishirini na tisa."

Nikaruka. Asubuhi yake akalibeba sanduku mwenyewe hadi kwa mhariri mkuu, bega moja likigusa ukuta ili asipotee njia. Mwisho wa mwezi tukamnywesha soda, tukamsindikiza hadi ngazini. Kiti chake kikawa changu.

Kamusi ilitoka mwaka uliofuata. Nilifungua ukurasa huo kwanza, nikiwa nimesimama, hata bahasha sijaitupa. Safu mbili na nusu, babu mbele, wajukuu nyuma. Nikatafuta pengo letu, lakini halikuwepo. Namba ishirini na nane: run out, kuishiwa. Na mfano wake: Nimeishiwa na maneno, Mama.

Nilikwenda kabatini nikateremsha sanduku la viatu, lililokuwa limerudi kutoka kwa mhariri. Kadi ilikuwepo. Kwenye nyingine zote mwandiko wake ulikuwa mdogo na umenyooka. Kwenye hii herufi zilikuwa kubwa, zimepinda, mstari wa pili umepanda juu ya wa kwanza. Aliiandika mwenyewe, bila kuniomba nimshikie kalamu. Nikatazama chini kabisa, mahali pa aliyesema, nikijiandaa kusoma msomi.

Alikuwa ameandika: mwenzangu wa kazi.

Nilikaa nayo mkononi mpaka chai ikapoa. Kisha nikairudisha sandukuni, baada ya ishirini na saba, kabla ya ishirini na tisa.