Mgonjwa wa Kumi na Tisa

Mzee Ibouroi wa Andoany hakuwahi kumsifu mwanawe mbele ya watu, wala hakuwa baba wa pekee kwa hilo. Katika nyumba za Wangazija wa Nosy Be, kisiwa cha Madagaska, mtoto mzuri huitwa mbaya, mwenye akili huitwa zuzu, na anayenenepa husemwa kuwa hali kitu. Hasidi hana sababu, na jicho la mtu halibishi hodi. Kwa hiyo mgeni akimsifu mtoto, mwenye mtoto hulikata lile neno upesi kabla halijatua.

Na Ibouroi alikuwa na mengi ya kuficha. Binti yake, Kouraichia, alipooza miguu yote miwili akiwa na miaka mitatu, kwa homa ya siku nne tu. Mama yake akafariki miaka michache baadaye. Ikawa kazi ya baba kumbeba mgongoni hadi shuleni kabla hajaenda bandarini kupakia magunia, na jioni kupita kumchukua, mwaka baada ya mwaka. Binti akajua Kifaransa, akahitimu Kurani kwa bibi yake, na alipotimiza miaka ishirini akafungua chuo cha Kurani katika baraza ya nyumba yao. Kila asubuhi watoto arobaini walikaa mikekani mbele yake wakimwita Fundi, kama Wangazija wanavyomwita mwalimu wa dini. Mchana watu wazima walimletea barua za serikali awasomee na kuwaandikia majibu. Hakuweza kutembea, lakini hakuna jambo la mtaa lililotembea bila yeye.

Mtu akisema, "Mzee, Mungu amekupa johari," Ibouroi alitema mate pembeni na kujibu, "Johari gani? Gogo hilo. Linakula, linalala."

Kouraichia aliyasikia hayo akiwa ndani, akacheka. "Leo nimekuwa gogo," alimwambia akimpokea kikombe cha kahawa. "Juzi nilikuwa gunia bovu. Napanda cheo, Baba."

Mwaka 1984 alianza kukohoa. Zahanati ilimpiga sindano miezi mingi, akapata nafuu, akarudi chuoni. Baada ya mwaka kifua kikuu kikarudi, na safari hii dawa za zamani zikawa kama maji. Ndipo zikaja habari kwamba mjini Mahajanga, huko bara, katika nyumba moja ya kutibu wagonjwa wa mapafu, imefika dawa mpya, vidonge vyekundu, na kwamba ofisa atapita visiwani na bara kuandikisha wagonjwa.

Siku ya kuandikishwa baraza ya zahanati ilijaa watu hadi ngazini. Ofisa aliuliza kwa Kifaransa, na karani wa zahanati, Chaher, akafasiri kwa Kimalagasi. Ibouroi alimweka binti yake kwenye benchi, akageuka kuangalia ni nani walio nyuma yake. Aliwaona majirani, akawaona watu asiowajua, na katikati yao akamwona bibi mmoja ambaye, kwa maneno ya mtaa, aliwahi kumsifu mbuzi wa jirani na mbuzi akakauka maziwa siku ile ile.

Aliulizwa kama mgonjwa anajiweza. Akasema hajiwezi. Aliulizwa mgonjwa anafanya kazi gani. Akasema hana kazi, anakaa tu. Mwisho akaulizwa ni nani wanaomtegemea mgonjwa huyu, na hapo Ibouroi alicheka kidogo.

"Nani amtegemee huyu?" alisema. "Gogo."

Majirani wakatabasamu, kwa maana walimfahamu. Chaher naye alimfahamu, na mwanawe mwenyewe alisoma kwa Kouraichia; lakini aliajiriwa kufasiri, akafasiri neno kwa neno. Ofisa akaandika. Kouraichia alisikia kila neno la Kifaransa likiingia kwenye fomu. Angeweza kufungua kinywa. Lakini binti gani atamkosoa baba yake mbele ya halaiki, tena kwa kujisifu mwenyewe? Alivuta shiraa yake ya kujifunikia kichwa hadi puani akatazama chini. Ibouroi alitia saini kwa herufi za Kiarabu, akambeba mwanawe mgongoni, akarudi nyumbani ametulia moyo.

Barua ya kuwaita ilifika baada ya mwezi na nusu. Walivuka kwa boti hadi bandari ya Ankify, bara, wakapanda lori, na siku ya tatu wakafika Mahajanga, Kouraichia akiwa hana tena nguvu ya kushika shingo ya baba yake. Walifikia mtaa wa Tsaramandroso kwa Sittou, binamu ya marehemu mkewe, mmoja wa jamaa wachache waliobaki mjini baada ya machafuko ya miaka tisa iliyopita, Wangazija wengi walipouawa na wengine kuondolewa kwa meli. Kesho yake Ibouroi alimfikisha binti yake kwenye wadi ya wanawake, akapewa kitanda karibu na dirisha.

Muuguzi wa wadi aliitwa Oumouri, kijana wa Kingazija, mpole, mwenye uso wa mtu asiyelala vya kutosha. Siku ya tatu alimvuta Ibouroi hadi uani, penye kamba za kuanikia mashuka, akamweleza mambo yalivyo. Wagonjwa walikuwa thelathini na mmoja. Vidonge vilivyofika vilitosha watu kumi na wawili kwa miezi sita, na kuwagawia wote nusu nusu kungekuwa kuwaua wote, maana ugonjwa ungeizoea dawa. Kwa hiyo kila mgonjwa alipewa alama: za umri, za hali ya mapafu, za kazi yake, na za watu wanaomtegemea. Jumamosi orodha ingebandikwa.

"Na wangu?"

"Wa kumi na tisa, Mzee."

Ibouroi alidhani mapafu yamekwisha. Oumouri akatikisa kichwa. Kwa mapafu peke yake, alisema, Kouraichia angekuwa wa tano, yanapona yale. Kilichomwangusha ni sehemu mbili za chini kwenye fomu ya Nosy Be. Kazi, sifuri. Wanaomtegemea, sifuri. Na tena, mtu akishapooza miguu, hakuna anayerudi kuuliza kama sifuri hizo ni za kweli.

Mzee alishika kamba ya mashuka. Kisha akaenda moja kwa moja kwa daktari, bila kungoja kuitwa.

Daktari alikuwa mtu wa nyanda za juu, mwenye miwani na sauti ya chini. Alimkaribisha kiti, jambo ambalo si wote walilifanya. Ibouroi alimweleza yote: chuo, watoto arobaini, barua za mtaa, na ile desturi ya kumkinga mtoto kwa maneno mabaya. Alieleza vizuri, bila kulia. Daktari alisikiliza hadi mwisho, akafungua faili.

"Saini hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Mzee, tangu juzi wamekuja watu tisa hapa. Kila mmoja, mgonjwa wake amegeuka mwalimu au fundi mitambo. Wewe umesema mara mbili, na mara mbili hizo hazifanani. Niamini ipi?"

"Ya leo."

"Kwa nini ya leo?"

"Kwa sababu ile ya kwanza niliisema kwa kumpenda."

Daktari alivua miwani. "Na ya leo umeisema kwa nini?"

Ibouroi alikaa na mikono yake mikubwa juu ya magoti, na kwa mara ya kwanza maishani mwake aliona haya kwa ajili ya neno la kweli. Daktari akachukua faili na kusimama. "Twende tukamwulize mwenyewe," alisema.

Wadi ya wanawake ilikuwa na vitanda saba. Kitanda kilichopakana na cha Kouraichia kilikuwa cha Rabiata, mwanamke wa miaka ishirini na mitatu, mfanyakazi wa kiwanda cha nguo, mwenye watoto watatu waliokuwa wakiletwa dirishani jioni wamwone mama yao. Oumouri hakuwa amemwambia mtu mwingine nani ni wa ngapi, lakini wadi haina siri. Wote walijua kwamba Rabiata ni wa kumi na mbili. Daktari alipoingia na faili, Rabiata aligeuza uso ukutani.

Daktari alimwuliza Kouraichia kwa Kifaransa kama ni kweli anafundisha. Yeye akajibu kwa Kimalagasi, ili wote wasikie.

"Nikisema ndiyo, nani anatoka?"

"Hilo si swali lako."

"Ni langu, Daktari. Analala hapa. Namsikia akikohoa."

Ibouroi alipiga magoti kando ya kitanda. "Mwambie, mwanangu. Mwambie watoto ni arobaini. Mtajie majina yao."

"Baba, na kama wasingekuwepo?" Alikuwa anasema polepole, akikusanya pumzi kila baada ya maneno machache. "Kama ningekuwa gogo kweli, ungenibeba kuja huku?"

"Ningekubeba."

"Basi."

Akamgeukia daktari. "Dawa hazitoshi, najua, na lazima mtu achague. Chagua. Lakini usiandike kwamba mimi sina faida. Andika kwamba dawa hazikutosha."

Daktari alifungua faili, akaitazama ile fomu juu hadi chini kama mtu anayetafuta kitu kweli. "Fomu haina mahali pa kuandika hivyo," alisema.

"Pembeni pana nafasi."

Alikuwa na kalamu mkononi. Aliangalia ile nafasi nyeupe ya pembeni. Baadaye akaifunga kalamu, akalifunga faili, akawaaga kwa heshima, na viatu vyake vikasikika hadi mwisho wa ukumbi.

Jioni ile Ibouroi alimkasirikia mwanawe, hasira ambayo hajawahi kuwa nayo kwake. Alimwambia kwamba amejiua kwa maneno ya vitabuni. Kwamba yeye amembeba miaka ishirini na mitano si ili aje kuwafundisha adabu madaktari. Kouraichia alimwacha amalize.

"Nilitaka kusema ndiyo," alisema. "Usidhani sikutaka. Neno lilifika hapa." Akagusa koo. "Ndipo nikamwona Rabiata ameshika chuma cha kitanda. Vidole vilikuwa vyeupe."

"Yeye angesema ndiyo."

"Angesema. Na asingekosea."

Ibouroi akatoka nje akakaa kwenye ngazi hadi walipofunga lango.

Jumamosi orodha ilibandikwa. Majina yalikuwa kumi na mawili, na la mwisho lilikuwa la Rabiata. Kwa wengine ilisemwa kwamba shehena ya pili inatarajiwa, wawe na subira, na kwa kuwa vitanda vilihitajika wangojee majumbani. Rabiata alilia aliposomewa jina lake, akashindwa kumtazama mwenzake. Alimwachia Kouraichia mto wake wa pamba, ambao ulikuwa mzuri kuliko ya wadi. Ibouroi alikataa kuuchukua. Kouraichia akauomba mwenyewe, akaondoka nao.

Kwa Sittou walipewa chumba cha uani. Joto la Mahajanga lilikuwa limeanza, na mgonjwa akawa hana usiku wala mchana. Watoto wa chuo walituma barua moja, iliyoandikwa na mkubwa wao kwa niaba ya wote, kuuliza Fundi anarudi lini na kueleza kwamba wamefika sura gani bila yeye. Kouraichia aliomba penseli, akasahihisha makosa mawili, kisha mkono ukachoka. Aliacha barua kifuani. Ibouroi alimwambia kwamba wanasoma vizuri, kwamba amewalea vizuri, kwamba hakuna kisiwani aliyefundisha kama yeye. Aliyasema hayo kila siku, kwa sauti, mlango ukiwa wazi, majirani wakipita. Alimsifu kama anayelipa kitu kilichopita wakati wake. Binti alimsikiliza amefumba macho, na siku moja alimwomba anyamaze kidogo, kwa sababu kelele zinamchosha.

Kouraichia alifariki wiki ya saba tangu watoke wadini, Alhamisi, baada ya adhuhuri. Walimzika Mahajanga, mbali na mama yake.

Siku ya tatu ya hitima, wanaume wakiwa wamekaa mikekani uani na vitabu vimefunguliwa, Oumouri aliingia akihema, amevaa sare ya kazi, na karatasi mkononi. Aliona watu, akaona uvumba, akasimama pale pale mlangoni. Alitaka kuirudisha ile karatasi mfukoni lakini Ibouroi alikwisha kuiona.

"Shehena imefika," Ibouroi alisema.

"Imefika jana, Mzee. Ni ya watu wanane."

Ibouroi alihesabu kimoyomoyo: kumi na wawili na wanane ni ishirini; mwanawe, wa kumi na tisa, angekuwemo. Alimwashiria Sittou amletee kijana chai. Oumouri alipokea kikombe kwa mikono miwili, akakaa ukingoni mwa mkeka.

"Aliye nyuma yake ni nani?" Ibouroi aliuliza.

"Mama mmoja wa kule ng'ambo ya soko. Yeye ni wa ishirini."

"Amekwisha kuambiwa?"

"Bado. Nilianza huku."

"Yu hai?"

"Wiki iliyopita alikuwa hai."

Ibouroi alichukua kikombe mkononi mwake, chai ikiwa haijaguswa, akakiweka chini.

"Basi usikae," alisema. "Nenda."