Nyasi za Lemburis

Tangu asubuhi nilikuwa nafagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Hakimu alishasema familia zikipatana, kesi inaisha. Tusipopatana, Lemburis anahukumiwa. Ndiye aliyemvunja mwanangu Eliya mkono kwa rungu, kisa ubishi wa mpira. Eliya ni fundi cherehani. Mashine yake sasa imefunikwa shuka, na kila nikiiona hasira zinanipanda upya.

Jela haimrudishii Eliya mkono, hilo nalijua. Nilitaka Lemburis aje mwenyewe na jani la isale. Kwetu Uchagani, aliyekukosea akikuletea isale humkatai, hata moyo ukigoma.

Wakaja jioni, yeye na mama yake, Namnyaki, kutoka upande wa pili wa Mlima Meru. Chai ikapoa hakuna aliyeigusa. Mimi nainuka, nakaa, nainuka tena. Mwishowe Lemburis akasimama, macho chini, akanipa konzi ya nyasi mbichi kwa mikono miwili.

Nikamtazama mikononi. Isale halipo. Yaani kijana kavunja mkono wa mtu, halafu ananiletea chakula cha ng'ombe! Nikasema asante ya mdomoni, nikatoka nje, nikazitupa bandani. Ng'ombe akazila palepale, wote wakiona.

Namnyaki akajifunga shuka yake vizuri. "Tumeelewa, mama Eliya," alisema. "Tutaonana mahakamani."

Walipotoka, Eliya, aliyekuwa akituona kutoka dirishani, akatoka chumbani. "Mama, umefanya nini? Waarusha wakiomba amani wanashika nyasi. Lile ndilo isale lao."

Nilihisi aibu mpaka masikioni. Nikang'oa jani la isale kwenye ua wetu, nikatoka mbio na kandambili zangu, majirani wa Sekei wakinishangaa. Niliwakuta karibu na barabara kubwa.

"Nisameheni," nilisema nikihema. "Sikujua. Kwetu sisi tunaomba kwa hili."

Namnyaki alilitazama jani, akanitazama mimi. "Na hili nalo tumpe ng'ombe?"

Lemburis ndiye aliyelipokea, tena kwa mikono miwili.

"Mama," aliuliza, "mkono wake bado unamuuma?"

Wiki zote hizo hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo, si polisi, si hakimu.

"Unamuuma," nikamwambia. "Twende ukamuulize mwenyewe."